Chaja Zifuate Magari Yanakolala: Mwongozo wa Kusambaza Vituo vya Kuchaji Nairobi

Stima ya kuendesha magari Kenya tunayo. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na usiku wa manane, watu wakishazima taa, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Kinachokosekana ni mahali pa kuchomeka. Chaja za umma zilizotangulia jijini ziliwekwa zaidi kwenye maduka makubwa na majengo ya ofisi, ilhali wanaomaliza kilomita nyingi kila siku ni watu wa bodaboda, matatu na teksi. Hao hawalazi vyombo vyao dukani. Wanavilaza Kayole, Kawangware, Kasarani na Embakasi.

Mwongozo huu ni wa afisa wa kaunti, mwakilishi wadi, mwenyekiti wa sacco (chama cha wenye matatu) na mwenye ploti. Anayetaka tu kujua amwulize nini kiongozi wake naye atapata cha kushika.

Hatua ya 1: Jua jiji lina mamlaka gani

Wengi hudhani habari ya stima ni ya serikali kuu peke yake. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti usafiri wa umma, barabara za kaunti na maegesho, na pia linataja usambazaji wa umeme katika majukumu yao. Sheria ya Nishati ya 2019 nayo inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Ukitaka kujua kama jiji lina nia ya kweli, uliza kwanza mpango huo unasema nini kuhusu chaja.

Mengine yako mikononi mwa wenzao: EPRA hutoa leseni na kupanga bei ya umeme, Kenya Power humiliki nyaya na transfoma, KEBS huweka viwango vya vifaa. Barabara pia zimegawanywa. Thika Road na Waiyaki Way ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, barabara nyingi kubwa za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na zinazobaki ni za kaunti. Kwa hiyo kaunti haiwezi kupunguza bei ya stima hata shilingi moja, lakini ina ardhi, maegesho, vibali vya ujenzi na ada zake. Ikivitumia hivyo vinne vizuri itafika mbali.

Hatua ya 2: Hesabu vyombo usiku

Kosa la kawaida ni kuhesabu magari mchana, barabarani, kisha kuweka chaja penye msongamano. Gari lililo kwenye msongamano haliwezi kuchajiwa. Tumeni makarani kuanzia saa nne usiku wapite kila wadi waandike: matatu ngapi zimelala hapa, ni za sacco gani, ziko kwenye kiwanja chenye ukuta au kando ya barabara, kuna mlinzi, kuna mwangaza. Kwa bodaboda, hesabu iwe ya steji: waendeshaji wangapi, wanapumzika saa ngapi, na pikipiki inalala wapi. Wengi huingiza pikipiki ndani ya nyumba wanamolala, jambo lenye uzito mkubwa katika hatua za mbele.

Viongozi wa sacco na wa steji wanazijua hesabu hizi kwa kichwa. Waiteni mezani kabla ya kuajiri mshauri wa kuchora ramani.

Hatua ya 3: Isome transfoma kabla ya kuagiza chaja

Hapa ndipo miradi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nenda chini ya transfoma ya mtaa wako. Ukipata nafasi ya kuisoma pamoja na fundi wa Kenya Power, utaona kibati kilichoandikwa uwezo wake kwa kVA (kwa hesabu zetu, ichukue kama kilowati): 50, 100, 200, 315 au 630. Huo ndio mzigo ambao transfoma inaweza kubeba. Swali la maana ni mzigo uliopo sasa ni kiasi gani, na ni saa ngapi.

Tuseme mtaa una transfoma ya kVA 315. Saa mbili usiku watu wamerudi kazini: pasi zinapigwa, hita za bafuni zimewashwa, televisheni zinaongea, na mzigo umefika kVA 260 hivi. Ukiongeza chaja 10 za kilowati 7 kila moja, umepita 315. Fyuzi inaweza kuruka na mtaa mzima ukaingia gizani, na kesho yake hakuna mkazi atakayetaka kusikia neno chaja. Mtaa huo huo saa sita usiku mzigo umeshuka hadi kVA 90. Chaja zile zile 10 zinaingia kwa raha, na bado imebaki nafasi ya nyingine 20 kama hizo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote:

- Iombeni Kenya Power ipime mzigo wa transfoma husika kwa wiki nzima, saa kwa saa. Kipimo cha siku moja hakitoshi, kwa kuwa Jumapili si sawa na Jumatatu.
- Agizeni chaja zinazoweza kupangiwa saa na kupunguza nguvu zenyewe mzigo ukipanda. Chaja isiyojua saa ni ya bei nafuu siku ya kuinunua tu.
- Kama transfoma imejaa hata usiku, kubalianeni mapema kwa maandishi nani atalipia kubwa zaidi. Hili likiachwa bila jibu, mradi hukaa miezi ukisubiri.

Kuna jambo lingine tunalolijua sana hapa kwetu: wezi wa mafuta na shaba ya transfoma. Mahali penye mlinzi wa usiku, taa na watu wanaoingia na kutoka ni mahali salama zaidi kwa vifaa hivi. Chagueni sehemu ambayo tayari ina uhai usiku.

Tena angalieni maji. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitufundisha sehemu zipi za jiji hujaa. Chaja isimamishwe juu ya jukwaa la zege lililopita alama ya maji ya mwaka huo, na sanduku la swichi liwe juu zaidi ya hapo. Ukimwuliza mwenye kiosk aliye karibu, atakuonyesha kwa mkono maji yalifika wapi ukutani.

Hatua ya 4: Anza na matatu na bodaboda

Mwenye gari dogo binafsi huenda kilomita chache kwa siku na anaweza kuchaji nyumbani. Basi la abiria hurudia njia yake tangu alfajiri hadi usiku, na kila kilomita linayoenda kwa stima ni moshi ambao watoto wa kando ya barabara hawakuuvuta. Kwa pesa zile zile za umma, hapa ndipo faida iliko.

Depo za mabasi. Kampuni ya mabasi ya umeme ya BasiGo ilipoleta mabasi yake ya kwanza ya majaribio Nairobi mwaka 2022, mfumo uliotumika ulikuwa wa kuchaji usiku deponi, kisha basi linashinda barabarani. Fanyeni hesabu mapema. Sacco ina mabasi 10, kila moja linahitaji uniti 120 (uniti ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja) kwa usiku. Jumla ni uniti 1,200. Mabasi yanaingia saa nne usiku na yanatoka saa kumi alfajiri, yaani muda ni saa sita. Uniti 1,200 ukigawa kwa saa sita ni kilowati 200. Lakini mkichomeka chaja 10 za kilowati 60 zote kwa wakati mmoja bila mpango, mtataka kilowati 600. Tofauti ya 200 na 600 ni tofauti ya kuunganishwa na stima iliyo karibu na kujengewa laini mpya. Programu ya kupokezana nguvu, inayogawia basi hili kidogo na lile kidogo usiku kucha, ni nafuu mno ukilinganisha na transfoma.

Sacco nyingi hazina kiwanja chao. Hukodi au hulaza magari kwenye vituo vya petroli. Hapa kaunti inaweza kusaidia moja kwa moja kwa kutenga sehemu za ardhi yake ziwe viwanja vya usiku vya kuchajia, vyenye ukuta, choo na mlinzi, na sacco zikalipa kwa usiku. Kwa njia zinazovuka mpaka, kama za Rongai, Ngong na Thika, kaa na NaMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na kaunti zinazoizunguka, pamoja na kaunti jirani, maana gari linalofanya kazi Nairobi mara nyingi hulala Kajiado au Kiambu.

Steji za bodaboda. Mwendeshaji hana saa tatu za kusubiri chaja. Akisimama, mapato yamesimama. Ndiyo sababu kubadilisha betri kumeshika kasi jijini, kukiongozwa na kampuni kama Ampersand, Arc Ride na Spiro. Mwangalie anavyofanya: anasimama kando ya kabati, anachomoa betri yake, anaisukuma ndani ya tundu lililo wazi, mlango wa jirani unafunguka, anatoa iliyojaa, anaifunga na kuondoka. Abiria aliye nyuma huenda hata asishuke.

Kabati moja la betri 12, kila moja ikichajiwa kwa kilowati 1, linakula kilowati 12. Hiyo ni karibu sawa na hita mbili au tatu za bafuni, kwa hiyo linaweza kusimama karibu popote penye stima. Kinachozuia ni nafasi na kibali. Kaunti itenge mita chache za mraba kando ya kila steji kubwa na masoko yake, iweke sakafu ya zege, paa na mita ya stima.

Hapa nina msimamo mkali. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye kabati la nyingine. Ukimpa mwekezaji mmoja steji nzima ya umma kwa miaka kumi, umewafunga waendeshaji wote wa hapo kwenye mkopo na bei zake. Ardhi ya umma ibebe kabati za kampuni zaidi ya moja, na masharti hayo yaandikwe kwenye tangazo la zabuni tangu mwanzo. Sakafu na stima viwe vya kaunti. Kabati liwe la kampuni. Kampuni ikiondoka, nyingine inaingia bila kuchimba upya.

Hatua ya 5: Plagi zifanane na magari tuliyo nayo

Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani, na Nissan Leaf ni miongoni mwa ya umeme yanayoonekana sana. Leaf ya Japani huchaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO, na kwa chaji ya polepole hutumia Type 1. Magari mapya yenye asili ya Ulaya hutumia CCS2 na Type 2. Ya China yaliyotengenezewa soko la huko yana GB/T. Kituo kikiwekwa plagi ya CCS2 pekee, mwenye Leaf atafika, ataangalia, ataondoka.

Kwa chaji ya polepole suluhisho ni rahisi: wekeni tundu la Type 2 lisilo na waya, kila dereva aje na waya wake unaoingia gari lake. Kwa chaji ya haraka, kila kituo cha umma kiwe na CCS2 na angalau plagi nyingine moja kulingana na hesabu ya hatua ya pili. EPRA ilitoa mwongozo wa miundombinu ya kuchaji na kubadilisha betri mwaka 2023. Mkandarasi yeyote aonyeshe kwamba anaufuata pamoja na viwango vya KEBS.

Hatua ya 6: Ploti na magorofa

Wakazi wengi wa jiji ni wapangaji. Mpangaji wa gorofa ya nne mtaa wa Pipeline mwenye pikipiki ya umeme atafanya nini? Atapandisha betri chumbani au atateremsha ekstensheni kutoka dirishani. Hayo yanafanyika, na yanaweza kuua. Soketi ya kawaida ya ukutani ikivutwa karibu na mwisho wa uwezo wake kwa saa nyingi mfululizo hupata joto. Ukiona doa la kahawia kwenye plastiki au plagi ina harufu ya kuungua, tayari imeanza kuharibika.

Mwenye ploti afanye hivi:

- Aombe mita ya pekee kwa ajili ya kuchaji, isichanganywe na za wapangaji wala ya taa za ngazi. Mita hiyo iombewe bei maalum ya magari ya umeme.
- Achague kona ya chini yenye hewa, mbali na ngazi na mlango mkuu. Betri ikishika moto, watu lazima wawe na njia ya kutoka.
- Amtumie fundi mwenye leseni ya EPRA. Kila soketi iwe na waya wake kutoka sandukuni, waya wa ardhi (earth) uliopimwa, na kikata umeme kinachohisi stima inayovuja. Ekstensheni isitumike kabisa.
- Aandike bei ya uniti ukutani, msimamizi wa ploti asije akabuni yake.

Kwa majengo mapya kaunti isisubiri mtu. Kila mchoro unaoletwa kuidhinishwa, wa Kilimani au wa Roysambu, uonyeshe mabomba matupu ya kupitishia nyaya hadi kwenye maegesho, na nafasi ya ziada kwenye chumba cha stima. Bomba la plastiki kabla ya zege kumwagwa ni gharama ndogo. Kuivunja zege hiyo baada ya miaka mitano, wapangaji wakiwa ndani, ni balaa.

Hatua ya 7: Kibali kimoja, afisa mmoja

Leo anayetaka kuweka chaja kando ya barabara anaweza kujikuta akizunguka kati ya idara ya mipango ya kaunti, mamlaka ya barabara, Kenya Power na EPRA, na kila mmoja akisubiri barua ya mwenzake. Kaunti iteue afisa mmoja anayepokea faili nzima na kuisukuma. Orodha ya karatasi iwe fupi na ibandikwe hadharani: idhini ya mwenye ardhi, mchoro, barua ya Kenya Power kuhusu mzigo, leseni ya fundi na mpango wa kurudisha barabara kama itakatwa. Siku za kujibu ziandikwe.

Ada ya kaunti nayo iwe moja kwa mwaka, risiti ionekane kwenye kituo, ili askari wa kaunti wasije kila wiki na jina jipya la ada.

Hatua ya 8: Nafasi ya kuchaji isigeuke maegesho

Maegesho ya kaunti katikati ya jiji hulipiwa kwa siku. Ukiweka chaja kwenye nafasi hiyo bila kubadilisha utaratibu, gari la kwanza la asubuhi litaishikilia hadi jioni, limejaa chaji tangu saa nne. Nafasi za kuchaji zilipiwe kwa saa, kikomo kiwe saa mbili, na linalozidisha lilipe zaidi. Zipakwe rangi, na gari la petroli linaloziba lifungwe mnyororo kama linavyofungwa lililokwepa ada.

Hatua ya 9: Bei ionekane, malipo yawe M-Pesa

EPRA ilianzisha bei maalum ya magari ya umeme mwaka 2023: karibu shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na karibu shilingi 8 saa za mzigo mdogo, kabla ya kodi na tozo. Siku za kazi, saa za mzigo mdogo huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Someni jedwali linalotumika sasa kabla ya kupiga hesabu, kwa kuwa bei hupitiwa upya. Kinachopaswa kutazamwa zaidi ni ukomo: bei hiyo ilipotoka iliwekewa kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi. Ile sacco yetu ya mabasi 10 inatumia uniti 36,000 kwa mwezi wa siku 30. EPRA inapoita maoni ya umma, kaunti na sacco ziende pamoja na hesabu hiyo mkononi.

Kwenye kituo, bei iwe kwa uniti. Bei ya dakika humwumiza mwenye gari kuukuu linalopokea chaji polepole. Malipo yapite kwa M-Pesa bila kulazimisha programu ya simu. Mtu mwenye kabambe (simu ndogo ya vibonyezo) afike, alipe, achomeke.

Hatua ya 10: Chaja mbovu ina mwenyewe

Dereva akifika mara mbili akute chaja imekufa, hatarudi, na atawaambia wenzake. Mkataba wa kila kituo kwenye ardhi ya umma useme fundi afike ndani ya saa ngapi, vipuri viko Nairobi au vinasubiriwa kutoka ng'ambo, na mwendeshaji analipa nini kituo kikilala zaidi ya muda huo. Useme pia kinachofuata kampuni ikifunga. NopeaRide, teksi za umeme zilizoanza Nairobi mwaka 2018 na kuwa na chaja zake, zilisimama mwaka 2022. Kampuni zitaendelea kuja na kuondoka. Nyaya, mita na msimbo wa kufungulia chaja vibaki kwa kaunti.

Hatua ya 11: Ingiza kwenye bajeti kwa tarehe zake

Haya yote yakikosa mstari kwenye bajeti ni mazungumzo tu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mlango hufungwa mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, ukihusu mwaka wa fedha unaofuata. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwenye kusubiri vikao vya Mei atakuta pesa zimeshagawanywa.

Kwa hiyo fanyeni hesabu ya usiku mwezi wa Juni, pimeni transfoma Julai, na kufikia katikati ya Agosti mpelekeeni mwakilishi wadi karatasi moja yenye vitu vitatu: jina la kiwanja au steji, mzigo wa transfoma saa sita usiku, na sahihi za viongozi wa sacco au steji watakaokitumia. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.